Hoja ya Mzee Chura

Wan-ju alitumwa dukani kununua udi, na alikwenda huku amekasirika.

Si kwa sababu ya kutumwa. Duka lenyewe lilikuwa karibu, mwendo wa dakika kumi na tano kuteremka kutoka kambini, na jua lilikuwa halijazama bado nyuma ya milima ya Miaoli. Alimkasirikia aliyemtuma. Aliikasirikia kazi ya huo udi. Na kila alipoinua macho, ng'ambo ya bonde aliliona lile kovu jekundu, udongo mtupu toka kileleni hadi mtoni. Mwaka jana pale palikuwa na nyumba nne na bustani ya michungwa.

Na Po-hsun, aliyemtuma na aliyechagua mahali pa kambi kwa sababu palikuwa rahisi, alikuwa hajui. Asubuhi alisimama uani na kikombe chake cha kahawa, akalitazama kovu, akasema, "Mandhari safi sana. Pale wanachimba mawe, eh?"

Jamani. Mtu amezika watu, halafu anauliza kama ni machimbo.

Iko jumuiya mtandaoni inaitwa Macho ya Mvua. Watu elfu mbili na ushei, Taiwan nzima, kila mmoja na kipima mvua chake uani au juu ya paa. Wanaandika mvua iliyonyesha, hesabu zinajumlishwa, na mteremko ukilowa kupita kiasi, simu za watu wa bonde lile zinapiga kelele wakimbie. Haina mkubwa, haina ofisi, haina katibu, na wenyewe hujisifu kwa hilo. Mwenye wazo anaandika hoja. Hoja inakaa siku tatu. Asipotokea wa kupinga, imepita. Anayenyamaza amekubali, hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Sheria ya pili aliileta Po-hsun: anayeguswa na hoja hana sauti, maana atatetea tumbo lake.

Mwaka jana mwezi wa sita Po-hsun akaleta hoja. Alisema wazee wanaosoma kipimo kwa macho na kuandika kwa mkono wanakosea, wanaamsha watu kwa kengele za bure. Ripoti zao zisihesabiwe tena. Ziwekwe pembeni, zihesabiwe za mitambo tu.

Siku tatu zikapita. Mtu mmoja tu aliandika, "Napinga." Alikuwa mzee wa mteremko wa Tungkeng, mtandaoni alijiita Mzee Chura. Miaka sita, kila magharibi, hakukosa: milimita ngapi, halafu habari za vyura wa kisimani kwake. Leo vyura wanaimba. Leo vyura wanagombana. Pingamizi lake likafutwa. Hoja inamgusa, hana sauti.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo akaandika: Milimita 61 kwa saa moja. Vyura wamenyamaza.

Ripoti ikaenda pembeni, kule kusikosomwa na mtu. Kengele haikulia. Mlima ulishuka saa moja jioni, watu wakiwa mezani. Watano walifukuliwa, wote maiti. Mzee Chura hakupatikana mpaka leo.

Tangu siku ile Wan-ju alikuwa anataka kitu kimoja. Po-hsun aseme, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Mtandaoni kila alipombana alijibiwa lile lile: tuliamua sote, dada, jumuiya haina mkubwa. Kwa hiyo alipoitwa kwenye kambi ya viongozi, akakubali siku hiyo hiyo. Ndiyo, watu wasio na wakubwa wana kambi ya viongozi. Siku tatu za kuishi pamoja katika shule kuukuu iliyofungwa, watu saba, uso kwa uso. Mtandaoni mtu anazima simu yake anakwenda kulala. Mezani atakwenda wapi?

Muuza duka alikuwa bibi mfupi mwenye miwani mikubwa.

"Udi wa nini, binti yangu?"

"Wa kupimia muda, bibi. Simu zetu zimewekwa kikapuni mlangoni, haturuhusiwi kuzigusa. Mtu akitoa hoja tunawasha kijiti. Kikiisha hakuna aliyepinga, hoja imepita."

Bibi akaacha kufunga kifurushi.

"Mnawasha ndani ya nyumba?"

"Ndani."

"Mwezi huu?"

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi wa wafu. Mbele ya duka lile kulikuwa na meza yenye maembe, biskuti na nyama ya nguruwe ya kuchemsha, vyote vya ndugu wema. Ndivyo wanavyoitwa wafu wasio na wa kuwalisha. Wanaitwa wema ili wasikasirike.

"Si wazo langu," Wan-ju alisema.

"La nani?"

"Ndiyo hilo, bibi. Kwetu mawazo hayana wenyewe."

Bibi hakucheka. Alimpa kifurushi akakishikilia kidogo. "Basi hicho kijiti kilazeni. Msikisimamishe kwenye mchele. Na wewe njiani usimkaribishe mtu usiyemjua."

Wan-ju aliitikia, lakini kichwani mwake alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Po-hsun. Ya bibi yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Alipopanda, giza lilikuwa linaanza. Vyura walikuwa wanapiga kelele kwenye mitaro pande zote mbili za njia, kelele ya kuziba masikio. Kwenye njia panda alimkuta mtu amesimama.

Mzee. Koti la mvua la plastiki, viatu vya mpira hadi magotini. Mvua ilikuwa haijanyesha siku sita.

"Kambini ni huku?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Wewe ni wa Macho ya Mvua?"

"Tangu mwanzo."

Sasa uelewe ugonjwa wa watu hawa. Wanaongea kila siku miaka mitano, sita. Wanajua nani ana mke mkorofi, nani ana kisukari. Lakini wakipishana sokoni hawajuani. Na pale kambini ilikuwa imeshapitishwa kwamba mtu asiulizwe jina lake la kwao, kila mmoja aheshimiwe kwa jina lake la mtandaoni, na asiyetaja asilazimishwe. Kwa hiyo Wan-ju alisema ambacho yeyote kati yao angesema.

"Umechelewa, mjomba. Karibu, twende. Chakula kiko tayari."

Karibu. Neno lilimtoka hivi hivi.

Mzee akamfuata nyuma. Hakusikia hatua zake, alisikia maji tu, kama viatu vyake vimejaa. Na harufu... udongo mbichi, ule wa chini sana, usioonja jua.

Walikuwa wamefika getini Wan-ju alipotambua kitu. Vyura wamenyamaza. Akadhani labda nyoka amepita.

Ndani, shangazi A-Mui, mpishi waliyemwajiri kijijini, alikuwa amepanga mabakuli saba. Supu ya kuku na figili za chumvi, tofu ya kukaanga, tambi za mchele. Watu wakasogezeana viti, mzee akapata nafasi mwisho wa meza, karibu na mlango. Hakuvua koti.

Kang-wei, kijana mrefu mwenye mizaha, alimwegemea Wan-ju. "Dada, yule babu ni nani?"

"Simjui. Nilidhani mnamjua."

"Mimi? Po-hsun ndiye aliyetuma mialiko."

Po-hsun alimwona mzee, akamtikisia kichwa kwa adabu, akaendelea kula. Yeye naye alidhani ni mgeni wa Kang-wei. Ndivyo ilivyopita. Kila mtu alidhani mwenzake anamjua, hakuna aliyeuliza, na kwa sheria zao wenyewe kimya kile kilikuwa ruhusa.

A-Mui alitoka jikoni na bakuli la nane. Alipofika nyuma ya mzee akasimama. Akanusa. Bakuli akaliweka mezani polepole sana, akarudi jikoni, na Wan-ju alipomfuata kuchukua vijiko alimkuta anavua aproni.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Vyombo nitaosha kesho, kama kutakuwa na vyombo." Alimvuta karibu, akanong'ona. "Nani alimwambia karibu?"

Wan-ju akachukua vijiko.

"Ni wewe," A-Mui akasema. "Ole wako." Akatokea mlango wa nyuma, na kutoka pale alipiga mbio, mama wa miaka sitini.

Wan-ju alibaki na vijiko mkononi. Alipaswa kuogopa wakati ule. Lakini mtu mwenye hasira ya mwaka mzima hana nafasi ya woga. Akarudi mezani.

Saa moja na nusu Po-hsun akapiga makofi mawili. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye sauti laini, na alizungumza daima akitabasamu. Akatwaa kikombe, akakijaza mchele, akavunja kijiti cha udi vipande vitatu, akasimamisha kimoja katikati.

Watu wale walikuwa na shahada na mishahara, lakini kila mmoja wao alilelewa na bibi ambaye angemchapa mkono kwa kitu kile. Kijiti kilichosimama kwenye mchele ni chakula cha maiti. Mtoto wa miaka minne anajua. Wote waliona, wote walijua, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme.

Hakuna aliyesema.

Wan-ju naye alikumbuka maneno ya bibi wa dukani. Akanyamaza. Alitaka kikao kianze.

"Hoja ya kwanza ni yangu," Po-hsun alisema akiwasha. "Mambo ya mwaka jana yametuchosha. Tufunge ukurasa. Kuanzia leo yasijadiliwe tena, mtandaoni wala hapa."

Moshi ukapanda. Wan-ju akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Napinga."

"Dada Wan-ju..."

"Usiniite dada. Watu watano wamezikwa, wa sita yuko chini ya lile kovu unaloliita machimbo. Dirisha lile pale, fungua uone. Ile ndiyo Tungkeng, wewe. Umetuleta kulala mbele ya kaburi lao na hata ramani hukutazama."

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Po-hsun lilipungua. Akatazama dirishani, akatazama mezani. "Sikujua. Pole zangu kwa wafiwa. Lakini..."

"Sema ni wewe. Hoja ilikuwa yako. Sheria iliyomziba mdomo yule mzee ilikuwa yako. Sema maneno mawili, mimi nikae chini."

"Tuliamua sote."

"Nani sote?"

"Sote. Hoja ilikaa siku tatu." Akaongeza kwa upole, na upole ule ulikuwa kisu. "Wewe ulipinga?"

Wan-ju akageuka kukitafuta kiti chake.

Hili hakuwa amemwambia mtu. Ile hoja aliiona. Siku ya pili, ndani ya basi kwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto na dada zake. Aliisoma hadi mwisho, akasema moyoni hii si sawa, wazee wale wataumia, jioni nitaandika. Jioni wakala, wakacheka, wakalala. Hasira yake yote ya mwaka mzima, robo tatu yake ilikuwa ya kumlaani Po-hsun. Robo iliyobaki alikuwa anajua ni ya nani.

Akaokota kiti, akakaa.

"Basi," Po-hsun akasema, akakizima kile kijiti. "Pingamizi limepokelewa, hoja imeanguka. Nani mwingine ana hoja?"

"Mimi."

Ilitoka mwisho wa meza.

Mzee hakuwa amegusa chakula. Supu yake ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na ilikuwa na rangi ya matope.

"Karibu, mzee wangu," Po-hsun alisema.

Karibu ya pili.

"Hoja yangu ni fupi," mzee alinong'ona, na wote wakajikuta wanainama mbele ili wamsikie. "Mwenye ile hoja ya kuninyamazisha aje nami, tukasome kipimo."

Hakuna aliyewasha kijiti cha pili. Kilikuwa kinawaka chenyewe.

Kang-wei akajaribu kucheka. "Dada Wan-ju, umemtoa wapi huyu? Umetuweza. Babu, hongera, nywele zimenisimama."

"Sikumtoa popote," Wan-ju alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. Maana nje palikuwa kimya. Bonde zima, mitaro yote, mashamba yote ya mpunga... hapakuwa na chura hata mmoja.

Po-hsun alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimpa nguvu. "Huu ni mchezo mbaya. Tumezungumza vya kutosha. Hoja hiyo naipinga."

"Inakugusa?" mzee aliuliza.

"Nini?"

"Hoja. Inakugusa?"

Swali dogo tu. Akisema ndiyo, hana sauti, kwa sheria yake mwenyewe. Po-hsun aliona mtego, na akaruka alikozoea kuruka.

"Hainigusi. Ile haikuwa hoja ya mtu mmoja. Ilikuwa yetu sote."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitaka.

"Basi inawagusa wote. Hakuna mwenye sauti."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Taa hazikuzimika. Zilibaki zinawaka vizuri kabisa, ndiyo sababu waliona kila kitu. Waliona sakafu ya mbao ikilowa kuanzia mlangoni. Waliona tope jekundu likiingia taratibu chini ya meza, bila sauti, likivifikia viatu vyao vya ndani vya plastiki. Baridi yake ikapanda vifundoni. Ikapanda magotini. Kang-wei alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Alishika paja lake kwa mikono miwili akalivuta, halikusogea. Akaanza kulia kimya kimya, kijana wa watu.

"Napinga," mwanamke mmoja alisema. "Napinga, napinga."

"Huna sauti," mzee alinong'ona, bila ubaya.

Kijiti kilikuwa kimefika nusu.

Wan-ju alimtazama Po-hsun. Mtu yule alikuwa anaweza kumaliza kila kitu kwa maneno mawili, aende yeye, wengine wabaki. Lakini alikuwa amekaa wima, midomo imebana, macho yanazunguka mezani kutafuta wa kumbebesha. Watu sita watakufa ili mmoja asiaibike. Hasira ikampanda Wan-ju mpaka machoni, hasira ambayo hakuwahi kuipata maishani, na ajabu ni kwamba ilipofika juu ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Mimi niliisoma," alisema.

Mzee akageuza uso. Chini ya kofia ya koti Wan-ju aliona kidevu, na tope likitiririka kutoka kidevuni.

"Ile hoja. Niliisoma ndani ya basi. Nilijua si sawa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakwenda kustarehe. Hiyo ni yangu. Simsingizii mtu."

"Sehemu yako nimeipokea," mzee alisema. "Kuanzia sasa ukisoma, sema umesoma."

Na baridi ikatoka magotini mwake. Tope likarudi nyuma likiacha alama. Akavuta mguu, mguu ukaja.

Wengine waliona. Kang-wei ndiye aliyefuata, maneno yakimtoka ovyo. "Mimi ndiye niliyefuta pingamizi lako, babu. Mkono huu. Sikulisoma hata." Yule mwanamke akasema aliona siku ya tatu, akapuuza. Wawili wakasema hawakufungua simu wiki ile nzima na walikuwa viongozi. Mwingine alisema aliipenda ile hoja, kwa sababu wazee walikuwa wanamuudhi. Mmoja mmoja, kama watoto mbele ya mwalimu, na kila mmoja alipomaliza tope lilimwacha.

Akabaki Po-hsun.

Kijiti kilikuwa kimebaki ukucha.

Tope lote la chumba lilikuwa chini ya kiti chake. Wan-ju alimwendea, akamshika bega, na bega lilikuwa baridi mno. Alikuwa amekuja kambini kumfedhehesha. Sasa alikuwa anamwomba.

"Sema, Po-hsun. Maneno mawili. Unaona mwenyewe, tumesema na hatujafa. Sema."

Po-hsun alimtazama. Midomo ikafunguka.

"Tuli..." alisema. "Tuliamu..."

Majivu yakaanguka.

"Imepita," mzee alinong'ona.

Po-hsun akasimama. Hakuvutwa, hakulia, hakupiga kelele. Alivua viatu vya ndani akaviweka sawa chini ya kiti, kama mtu mwenye adabu anayetoka chumba cha mwenyeji wake, akatembea nyuma ya mzee hadi mlangoni. Wakatoka. Wan-ju na wenzake walisikia hatua uani, za mmoja zenye maji, za mwingine za miguu mitupu.

Kisha vyura wakaanza kuimba.

Polisi walikuja asubuhi. Viatu vya Po-hsun vilikuwa bado kwenye rafu ya mlangoni, simu yake kikapuni. Nyayo zilikuwapo, jozi mbili, moja ya viatu vya mpira na moja ya miguu mitupu, zimeteremka bondeni, zimevuka mto, zimepanda kovu hadi katikati. Pale zikaisha. Pale pale walikuta kipima mvua kimechomoza kwenye udongo, kimesimama wima, kisafi kama kimeoshwa. Kilikuwa na maji. Askari mmoja akayasoma kwa sauti: sitini na moja.

Polisi waliandika mtu amepotea. Kang-wei anasema hadi leo kwamba yule babu alikuwa ndugu wa wafiwa aliyekuja kulipiza, na tope lilikuwa bomba limepasuka, na hofu ni hofu. Akilisema hilo hamtazami mtu machoni. A-Mui alirudi kuosha vyombo, akayahesabu mabakuli mara mbili, lile la nane akalivunja kwenye jiwe. Hakutaka kusikia habari yoyote.

Jioni ile waliporudishiwa simu, Wan-ju alikaa kwenye basi la kurudi Hsinchu akafungua lile kabrasha la pembeni, kule zinakotupwa ripoti za wazee. Hakuwahi kulifungua kabla. Juu kabisa palikuwa na ripoti ya magharibi ile.

Mzee Chura: Milimita 0. Vyura wanaimba.

Na chini yake, kwa jina lile ambalo Po-hsun alilitumia miaka yote:

Ni mimi.

Akakumbuka alichoambiwa, akaandika, "Nimesoma."

Kesho yake, jua lilipozama, zikaja tena zote mbili. Na kesho kutwa. Aliwaomba wenzake wafungue waone, wote wakapata kazi nyingine ya kufanya. Mwezi wa kumi mmoja wao akaleta hoja kabrasha lile lifutwe kabisa, halina faida. Wan-ju aliandika "Napinga" kabla hoja haijamaliza dakika. Hakuna aliyemuunga mkono, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hana sauti.

Alichelewa kusoma na kujibu mara moja tu. Mpwa wake alikuwa anaolewa, alikuwa amevaa vizuri, simu ilikuwa kwenye mkoba. Watu wakanywa, wakaimba, saa nne akapanda lifti hadi ghorofa ya tisa kwake, na mlango wa lifti ulipofunguka akaipata ile harufu.

Udongo wa chini. Ule usioonja jua.

Tope lilianzia kwenye ngazi likaja hadi mlangoni kwake. Jozi mbili za nyayo. Za viatu vya mpira zilikuwa zimesimama pembeni, zimetulia, kama za mtu anayesubiri. Za miguu mitupu zilikuwa zimekanyagana mlangoni pale pale, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kwenye mbao za mlango, kwa urefu wa kinywa cha mtu mzima, palikuwa na doa la tope limelowa.

Wan-ju akatoa simu palepale koridoni. Ripoti ya Mzee Chura ilikuwa moja, kama kawaida. Milimita 3. Vyura wanaimba.

Chini yake skrini ilikuwa imejaa. Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi. Akasogeza, akasogeza, haikuisha.

"Wakati ulikuwa nao, wewe," alisema kwa sauti, kwenye korido tupu, kwa hasira zaidi kuliko kwa woga. "Ulikuwa nao mwaka mzima."

Kila jioni anayapata maneno mawili aliyoyataka, na hawezi kumwambia yatosha.

Akaandika, "Nimesoma." Kisha akaingia ndani, akachukua ndoo na kitambaa, akarudi kufuta mlango kabla majirani hawajaamka.